Mji una mitaro mpaka barabarani ila hauna ikulu, tuuite ustaarabu au?

Kigae_Kimoja

Habarini wakuu. Naombeni akili zenu maana yangu imegota tangu juzi.

Kwenye kozi ya akiolojia mwalimu katugawia vikaratasi, kila mtu na jamii yake ya kale, jina limefutwa, mahali pamefutwa, kilichobaki ni orodha tu ya vitu vilivyochimbwa, halafu chini swali la mstari mmoja: kwa ushahidi huu, jamii hii ilikuwa ustaarabu au haikuwa? Tetea jibu lako. Maneno 800, basi.

Yangu iko hivi. Mji wa matofali ya kuchoma na matofali yote yana uwiano uleule, unene moja, upana mbili, urefu nne. Nyumba nyingi zina sehemu ya kuogea na maji machafu yanatoka nje yanaingia kwenye mtaro wa barabarani uliofunikwa. Visima vingi ajabu. Vijiwe vya mizani vya umbo la mchemraba ambavyo uzito wake unapanda kwa mpangilio. Mihuri ya mawe yenye picha za wanyama na alama kama maandishi, mistari mifupimifupi, alama tano hivi kila mmoja, na mpaka leo hamna aliyeweza kuisoma. Bwawa moja kubwa la matofali lililozibwa kwa lami lisivuje. Halafu sasa ndo balaa: hakuna ikulu inayotambulika, hakuna kaburi la mfalme, hakuna hekalu la uhakika, silaha kiduchu.

Tumepewa na ile orodha ya mambo kumi ya mwanaakiolojia Gordon Childe ya mwaka 1950: mji mkubwa, mafundi wasiolima, ziada inayokusanywa kama kodi, majengo makubwa ya umma, watawala, maandishi, hesabu na elimu ya nyota, sanaa yenye mtindo wake, biashara ya mbali, na dola ambayo wewe ni wa pale kwa sababu unaishi pale sio kwa sababu ya ukoo. Nimechora jedwali zuri nikaweka vema na mikasi. Vema sita, mikasi miwili, viulizo viwili. Sasa sita kwa kumi ni ustaarabu? Au ni asilimia 60 ya ustaarabu? Rafiki yangu anacheka tu, anasema watu wanaoga na hawapigani, hao ni wastaarabu kuliko darasa letu zima.

mtu_wa_mkato

Hiyo ni Mohenjo-daro, kama sio yenyewe basi Harappa. Bonde la Indus, Pakistan ya leo, 2600 mpaka 1900 KK hivi. Kila kitabu kinaiita ustaarabu. Andika ndiyo ulale.

Kigae_Kimoja

Hata mimi nilihisi mkuu, ila mwalimu kasema anayejibu kwa kukisia jina anapata sifuri 😂 anataka hoja itoke kwenye vitu.

Mchekecha

Mwalimu wako yuko sahihi, na ndo maana hiyo sita kwa kumi haitakufikisha popote. Childe hakuweka alama ya kufaulia pale. Alikuwa anaeleza mabadiliko ya watu kutoka vijijini kwenda mijini, sisi ndo tumeigeuza ikawa fomu ya kujaza.

Mimi nimefanya misimu miwili kwenye uchimbaji, kazi yangu ilikuwa kuchekecha udongo na kuosha vigae kwa mswaki, na nikwambie dada, hakuna siku utachimba ukakuta "tabaka la watawala" limelala shimoni linakusubiri. Unakuta kigae. Unakuta mfupa wa mbuzi. Siku moja nilikuwa nishainua mkono nitupe donge la udongo saizi ya dole gumba, nikaliona tope tu lililoungua, msimamizi akalidaka akaligeuza kwenye mwanga, upande wa mbele kuna alama ya muhuri imefifia, upande wa nyuma msuko wa kamba umejichora vizuri mpaka nyuzi unazihesabu. Yaani kuna mtu alifunga mzigo kwa kamba, akabandika udongo mbichi kwenye fundo, akagonga muhuri wake ili asije mwingine akafungua. Ile kitu ndogo vile ilikuwa na mali ndani yake, ina mwenye mali, ina watu wasioaminiana na ina namna ya kumbaini aliyefungua. Tangu siku hiyo situpi kitu bila kukigeuza.

Na kwa jamii yako hii (ndiyo, ni Indus, ila tujifanye hatujui) madonge kama hayo yamekutwa Lothal, mji wao uliopo Gujarat huko India, nyuma yana alama za kamba na nguo. Sasa ukiwa na hayo, mkasi wako kwenye "watawala" unabaki mkasi bado? Mfalme huwezi kumthibitisha hapo, lakini usimamizi upo, unaushika mkononi.

Kwa hiyo kila kipengele usiulize kipo au hakipo. Uliza kilikuwa kinafanya kazi gani, halafu utafute kama kuna kitu kingine kinafanya kazi hiyohiyo. Chukua maandishi. Vibao vya mwanzo vya Uruk, mji wa kale kwenye Iraq ya leo, kwenye 3300 KK hivi, vingi sio mashairi wala sifa za wafalme, ni hesabu: shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, posho ya vibarua. Maandishi yalizaliwa stoo. Inka wa Amerika Kusini wao waliendesha dola la mamilioni ya watu na barabara za maelfu ya kilometa bila herufi hata moja, walikuwa na khipu, kamba zenye mafundo, aina ya fundo na mahali lilipo ndo tarakimu. Ukiwapigia Inka mkasi kwa kukosa maandishi umepima karatasi, hujapima jamii.

Rudi kwenye vijiwe vyako vya mizani. Vile vya Indus ni jiwe gumu lililochongwa na kung'arishwa, kinachokutwa sana kina gramu 13 na ushee, vidogo vyake ni nusu, robo, mpaka chini ya gramu moja, na juu vinaanza kupanda mara mbili mara mbili, halafu vikubwa vinaenda kwa makumi. Kitu cha chini ya gramu moja hupimii nafaka, hapo kuna mtu alikuwa anapima kitu cha thamani na hakutaka kupunjwa. Na mfumo huohuo unaukuta Mohenjo-daro na unaukuta Harappa, kilometa kama 600 kati yao. Mimi ningekuwa wewe ningeanzia hapo, sio kwenye bwawa.

Neno_Kwa_Neno

Mchekecha kasema vizuri ila wote mmelipita neno lenyewe kama hamlioni. Ustaarabu. Rafiki yake kachekesha lakini kagusa penyewe.

Kwa Kiswahili mtu akikwambia "yule mstaarabu" hazungumzii mitaro wala mihuri, anasema yule mtu ana adabu, hapigi kelele usiku. Na asili ya neno ni Kiarabu, maana yake kuwa kama Mwarabu. Yaani tangu neno linazaliwa kuna mtu wa mfano na kuna anayetakiwa afanane naye. Wazungu nao neno lao limetoka kwenye raia wa mji wa Kirumi, ngoma ileile. Na huyo Childe makala yake ya 1950 imepanga watu ngazi tatu, ya juu ustaarabu, zilizobaki ukizitafsiri bila kuremba unapata washenzi na washenzi zaidi. Kwa hiyo ukijibu "haikuwa ustaarabu" msomaji hasikii kwamba hawakuwa na mji, anasikia matusi.

Na hii sio kuchezea maneno, imewahi kupotosha uchimbaji wenyewe. George Reisner alichimba Kerma, Sudan, kati ya 1913 na 1916. Kulikuwa na jengo la matofali ya udongo ambalo mpaka leo limesimama karibu mita 18, na makaburi ya vilima vya duara, makubwa yanafika kipenyo cha mita 90, kubwa kuliko yote lina mamia ya watu waliozikwa kumsindikiza mmoja. Kwa orodha ya dada hapo unapiga vema mpaka wino unaisha. Lakini kwenye kilima kimoja akakuta sanamu za afisa wa Misri, basi akahitimisha hapo palikuwa kituo cha gavana wa Misri. Ushahidi wote wa ufalme upo mbele yake, mfalme akampa mtu wa nje! Baadaye ikaeleweka zile sanamu zilichukuliwa Misri zikaletwa Kerma, na Charles Bonnet na wenzake walivyochimba pale kwa miongo kadhaa wakaufukua mji wenyewe, ufalme wa watu wa pale.

Great Zimbabwe, yale magofu ya mawe kusini mwa Afrika, ndo usiseme. Randall-MacIver mwaka 1905 alisema ni kazi ya Waafrika, Gertrude Caton-Thompson akachimba 1929 akasema hivyohivyo, na bado watu wakaendelea kuimba ni kazi ya watu wa nje, Wafoinike na Malkia wa Sheba. Kinachoniuma zaidi ni Richard Hall, kabla yao, alipewa kazi ya kulinda magofu "akasafisha", akazoa tabaka za udongo zenye vitu vya wenyewe akatupa akidhani ni takataka za waliokuja baadaye. Tabaka ikishazolewa hairudi. Jibu lilikuwa ndani ya kile alichotupa.

Mimi ningeandika jamii changamani, mji, dola, chochote kinachopimika, na hilo neno ningeliacha mlangoni.

mtu_wa_mkato

Sasa mkuu swali limeuliza ustaarabu we unamwambia aache neno, apate sifuri kwa uzalendo wa lugha?

Mchekecha

😂😂 Neno_Kwa_Neno, hoja yako naikubali yote ya Kerma na Hall, lakini mtu_wa_mkato ana pointi, dada ana swali la kujibu. Alitaje neno, aseme sentensi mbili yeye analitumia kwa maana gani, aendelee. Mfano: ustaarabu ni jamii ambayo maelfu ya watu wasiojuana kwa ukoo wanaishi kwa kutegemeana na kuna taratibu zinazofanya hilo liwezekane. Baada ya hapo anaweza kupima.

Na kupima maana yake ukubali kitu kinaweza kushindwa. Çatalhöyük huko Uturuki, kuanzia 7100 KK hivi, watu maelfu kadhaa wamebanana sehemu moja zaidi ya miaka elfu. Hakuna barabara, unatembea juu ya mapaa, unaingia ndani kwa ngazi kupitia darini, wafu wako unawazika chini ya sakafu unayolala. Michoro ya ukutani mizuri kabisa. Lakini hakuna jengo la umma, nyumba zinafanana, kila nyumba ina stoo yake na tanuri lake. Ukiangalia vizuri kila kaya inajitegemea, ni kijiji kikubwa kupindukia. Watu wengi peke yake sio hoja. Göbekli Tepe nako, hukohuko Uturuki, kuanzia 9500 KK hivi, nguzo za mawe zinafika mita tano na nusu, zimechongwa mbweha na tai, na mifupa inayokutwa ni ya wanyama pori, mifugo wala mazao ya kulimwa hayapo bado. Jengo kubwa peke yake nalo sio hoja. Kimoja kimoja vinakudanganya, inabidi uone vinavyoshikana.

Sasa jamii ya dada vinashikana. Mtaro wa barabarani hauwezi kuwa wa kaya moja, ukiziba kwako maji yanarudi kwa jirani, lazima kuna aliyepanga mteremko kabla nyumba hazijajengwa na kuna aliyekuwa anauzibua. Tofali linalotoka tanuri hili linalingana na la tanuri lile. Mizani ileile miji yote. Na shanga zao ndefu za akiki nyekundu, zile za kutobolewa kwa shida sana, zimekutwa kwenye makaburi ya kifalme ya Ur, huko Iraq ya leo. Hapo una mji, mafundi, vipimo na biashara ya ng'ambo, na vyote vinaelekea upande mmoja.

Tope_Kavu

Naingia kwa ufupi (najijua sitaweza). Kitu ambacho hamjakisema: hiyo mikasi miwili aliyoweka dada ni ya "hakikukutwa", sio ya "hakikuwepo". Tofauti kubwa sana hiyo.

Kinachobaki ardhini ni jiwe, kigae, mfupa, chuma kidogo. Nguo inaoza, mbao zinaoza, kitabu cha majani kinaoza. Mwenye jumba la mbao na nakshi za ajabu na mwenye kibanda, baada ya miaka elfu tatu wote wamebaki madoa ya mashimo ya nguzo. Bonde la Upano kule Ekuado, chini ya msitu, kulikuwa na mtandao wa majukwaa ya udongo zaidi ya 6,000 na barabara zilizonyooka zinaunganisha makazi, wa miaka kama 2,500 iliyopita, na ramani yake imetoka mwaka 2024 baada ya kupima kwa leza kutoka angani. Ukubwa wake haukujulikana hivyo kabla ya leza. Kwa miaka mingi wangapi walishaandika Amazon ni msitu mtupu?

Na wakati mwingine kinachookoa ni kitu kinyonge. Caral huko Peru, piramidi kubwa kabisa, hakuna kigae hata kimoja pale, vyombo vya udongo walikuwa hawajaanza. Wangesema wasio na vyungu ni wawindaji tu. Lakini wajenzi walikuwa wanajaza mawe kwenye vikapu vya matete wanavitumbukiza na kikapu chake ndani ya msingi, na matete yale kwa sababu ya ukame hayakuoza. Ruth Shady na wenzake wakayapima kwa kaboni, matokeo yakatoka 2001: karibu 2600 KK, enzi za piramidi za Misri. Kikapu cha kubebea kokoto ndo kilichotoa umri wa mji.

Halafu na Mohenjo-daro yenyewe eneo kubwa bado halijachimbwa, na tabaka za chini kabisa ziko kwenye maji ya ardhini, hakufikiki. Kwa hiyo "hakuna ikulu" andika "haijatambuliwa ikulu kwenye sehemu iliyochimbwa".

Neno_Kwa_Neno

Hapo umenikumbusha majina ya majengo. Jihadhari nayo sana. Pale Mohenjo-daro kuna jengo ambalo mwanaakiolojia Mortimer Wheeler aliliita ghala kuu la nafaka, likaingia vitabuni ghala, na nafaka yenyewe haikukutwa ndani. Kuna kile kisanamu wanakiita Mfalme Kuhani, kina sentimeta 17.5 tu, na hamna ushahidi wowote kama yule bwana alikuwa mfalme au kuhani, ana ndevu zilizochanwa na kitambaa kimepita bega moja basi. Mtu akisoma majina tu bila kuangalia kitu anatoka na ufalme, dini na hazina ya taifa.

Kigae_Kimoja

Jamani nimekaa na hii nyuzi tangu saa mbili, asanteni sana. Jedwali nimelichana. Aya yangu ya kwanza iko hivi, naombeni mniambie ukweli:

"Kwa ustaarabu nina maana ya jamii ya watu wengi wasio wa ukoo mmoja wanaoishi kwa taratibu za pamoja. Vijiwe vya mizani vinaonesha kulikuwa na mamlaka iliyolazimisha vipimo sawa. Mitaro inaonesha mji ulipangwa kabla ya kujengwa. Ikulu haijatambuliwa katika sehemu iliyochimbwa, lakini mji unaweza kuendeshwa bila mfalme mmoja. Silaha chache zinaonesha walikuwa watu wapenda amani."

Mchekecha

Nzuri sana, umetoka mbali. Mawili tu.

"Iliyolazimisha" ondoa. Vipimo sawa vinaweza kuja kwa amri, vinaweza pia kuja kwa sababu wafanyabiashara wenyewe walichoka kubishana. Kijiwe hakikwambii ni ipi. Sema kulikuwa na makubaliano yaliyoheshimiwa miji yote, hilo kijiwe kinasema.

Na hapo kwa mfalme mmoja usiishie hewani, weka mfano. Jenne-jeno huko Mali, walichimba Susan na Roderick McIntosh kuanzia 1977, makazi yalianza kwenye 250 KK hivi yakakua mpaka hekta 33, chuma walikuwa wanafua wakati madini yake hayapatikani kwenye lile bonde la mafuriko la mto Niger, kwa hiyo yanatoka mbali, na pembeni vilima vidogovidogo vimelizunguka, vingine vinaonesha kazi yake maalumu. Ikulu hakuna, na mji ukaishi zaidi ya miaka elfu moja.

Tope_Kavu

La tatu: "wapenda amani" futa kabisa. Silaha chache ni silaha chache. Rungu la mti halikai ardhini miaka elfu nne.

Kigae_Kimoja

Rafiki yangu kaumia hapo kwenye amani, ndo ilikuwa hoja yake 😂 Nimefuta. Sasa tatizo jipya, nikiweka na Jenne-jeno nafika maneno 870 na mwisho ni 800. Nikate nini?

mtu_wa_mkato

Mkate Childe.